Eda Kando ya Ziwa la Barafu

Thamesmead, London

Kwa Dada yangu Rukia, Kikwajuni, Unguja

Assalaam alaikum, Dada. Kaa kitako kwanza, vaa ile miwani yako uliyoifunga uzi, na kama kuna chungu motoni kiteremshe, maana barua hii ni ndefu na sitaki iunguze mchuzi wa mtu. Miguu inaendeleaje? Uliniambia uvimbe umepungua, lakini nakujua, weye hata ukiwa hoi, ukiulizwa husema hujambo. Mie mwili mzima, alhamdulillahi. Moyo unajikokota, usingizi umeanza kurudi. Eda nimemaliza, na hilo ndilo la kwanza nililotaka ulijue.

La pili ni jibu lako. Barua yako ilinifika nikiwa bado ndani, na uliandika waziwazi kama desturi yako: Salim ameshatangulia mbele ya haki, mtoto ameshakuwa mtu mzima, mie nimebaki peke yangu kwa Wazungu nafanya nini? Nikitoka eda nifunge mizigo nirudi nyumbani, chumba kidogo cha uani umeshakipaka chokaa. Ukamalizia kwamba jibu nisilicheleweshe. Nimelichelewesha, Dada, unisamehe. Sikuwa nalo. Sasa ninalo, lakini siwezi kukutupia tu kama mtu anayerusha ufunguo dirishani. Nataka nikuhadithie kwanza nilivyolipata. Usikimbilie ukurasa wa mwisho, nakujua.

Salim alipofariki miti ya huku ilikuwa inamalizia kupukutisha majani. Habari za maradhi yake na mazishi Nasra alikuandikia, mie sizirudii, mkono utanishinda. Tulipotoka kumzika, yaani wanaume walipotoka, nikavaa bafta nyeupe, nikaweka mbali wanja na manukato, nikakaa. Flati yetu unaijua kwa picha: ghorofa ya tatu, jengo la zege la kijivu lisilo na hata urembo mmoja, na chini yake ziwa. Ziwa lenyewe si la Mungu, limechimbwa na watu zilipojengwa nyumba hizi. Salim ndiye aliyepachagua. Alisema kama hatuna bahari, angalau macho yapate maji ya kutazama. Nikamwambia maji yasiyo na chumvi ni ya kufulia tu, na tukahamia hivyo hivyo tukibishana.

Kwetu mjane hakai eda peke yake, unajua weye. Nyumba inajaa. Kuna anayepika, kuna anayesoma Yasini, na lazima awepo mmoja anayeleta umbea mpaka unasahau ulikuwa unalia. Mie nilikuwa na dirisha. Nasra anakaa Hounslow, karibu na kiwanja cha ndege anakofanya kazi, na hiyo ni upande wa pili kabisa wa London. Akija Jumamosi na mifuko ya vyakula, Jumapili jioni ameondoka. Alitaka nikakae eda kwake. Nikamwambia mke hukaa eda katika nyumba aliyokaa na mumewe, na hapa ndipo Salim alipokuwa akiacha viatu vyake. Akanyamaza. Mwanangu huyu Kiswahili anakisikia chote, lakini kukijibu hujibu kwa Kiingereza, na akinyamaza ndipo najua amenifahamu.

Basi nikawa natazama ziwa. Baada ya mwaka wao mpya baridi ikashuka, skwambii. Asubuhi moja nafungua pazia naona mabata wamesimama wima katikati ya maji. Hawaogelei, wamesimama, kama watu wanaongoja basi. Nikasema moyoni, Zuwena, msiba umekupanda kichwani sasa. Mpaka nilipoona mbwa anakatiza kutoka ukingo huu kwenda ule na miguu mikavu, ndipo nikafahamu kuwa maji yamekuwa sakafu. Weye na friji lako la barafu unazowauzia watoto ungeliliona lile ziwa ungesema rizki imemwagika, imekosa ukwaju na sukari tu. Kwa wiki nyingi likawa hivyo. Jeupe, kimya, halina hata mkunjo. Mie nami ndani na nguo zangu nyeupe. Kuna siku nilihisi tunatazamana.

Huko chini alikuwapo bibi mmoja wa Kizungu, Doreen, anakaa ghorofa ya kwanza. Kila asubuhi anatoka na kofia ya sufu na mfuko wa mikate mikavu, anawarushia mabata. Tulikuwa tukisalimiana kwenye lifti miaka yote, jambo, jambo, basi, kila mtu na lake. Sasa akawa anainua kichwa kunitazama dirishani. Mie namwinulia mkono. Yeye haniinulii, ananitazama tu, kisha anaondoka anatikisa kichwa. Nikadhani uzee.

Siku moja mlango unagongwa. Mwanamke kijana, koti jekundu, faili kwapani, ametumwa na kaunsili, hao wenye nyumba zetu hizi. Nikamkaribisha, nikampikia chai. Akatazama nguo zangu, akatazama dirisha, kisha akaniuliza polepole, kama mtu anayesema na kiziwi, iwapo kuna mtu anayenizuia kutoka nje. Nikamwambia ndiyo. Macho yakamtoka. Akauliza, nani? Nikamwambia, Mungu. Akaandika. Akauliza, mpaka lini? Nikamwambia, mpaka Machi. Akaandika na hilo. Mie nilijiona nimemweleza vizuri kabisa, nikamfungia na vileja vya kuondokea.

Kumbe nimechafua mambo. Kesho yake Nasra akaitwa kwenye simu kazini kwake, akaulizwa kwa nini amemfungia mama yake ndani. Alinijia mbio na sare ya kazi mwilini, kanifokea kwa Kiingereza chake, mie namjibu kwa Kiswahili changu, nusu saa nzima. Mwisho akakaa chini akawapigia akawaeleza eda ni nini, na nikamsikia anasema kwa ule utaratibu wake kwamba mama hajafungwa na mtu, mama anaomboleza, na dini yake imempa muda wa kuomboleza. Sikuwahi kumsikia mtoto wangu akiisema dini yake kwa Wazungu namna ile. Nikaenda jikoni nikajifanya naosha vikombe.

Aliyepeleka habari ni Doreen. Alikuja mwenyewe kukiri, na keki mkononi, uso umemwiva kwa haya. Alidhani kwa kweli nimefungiwa, maskini. Anaona mwanamke wa nguo nyeupe kasimama dirishani kila siku ya Mungu, hashuki hata kutupa taka, afikiri nini? Nikamwambia jirani anayeulizia jirani yake hana kosa, kaa. Tukala keki. Nikamweleza eda, kwa Kiingereza changu cha sokoni, kwamba nimefiwa na mume, kwamba nitakaa miezi minne na siku kumi, kisha basi. Akajikatia kipande kingine cha keki. Kisha akaniambia, "Mume wangu Bert tulimzika Jumatano, na Jumatatu nikarudi kiwandani kwenye mashine yangu. Mpaka leo sijui kama nimemaliza." Akaniuliza, "Wewe utajuaje kama umemaliza?"

Nikamwambia, "Watakuja kunitoa."

Nilisema hivyo kama jambo la kawaida, Dada, kama mtu anayesema adhana ikilia tutaswali. Alipoondoka ndipo neno lile likaanza kuniuma, na sikujua kwa nini. Nililibeba wiki nyingi.

Tangu siku hiyo Doreen akawa anapanda kwangu kila akimaliza na mabata wake. Yeye ndiye aliyenifunza kuitazama baridi inavyoondoka. Mie, na miaka yangu yote ya huku, sikuwahi kuiona. Nilikuwa kazini, nafua mashuka ya hospitali kwenye chumba kisicho na dirisha, natoka giza narudi giza, nashtukia tu watu wamevua makoti. Nilidhani machipuko yao huja kama masika yetu. Masika ina adabu, ikija inagonga bati na kila mtu anajua. Hii yao huja kama mkwe mwenye haya. Anachungulia mlangoni, akiona watu anarudi.

Siku moja jua likatoka la kweli. Barafu ikaingia maji juu yake, ikang'ara, nikafungua dirisha nikazima na hita. Nikasema alhamdulillahi imekwisha. Usiku ule ule ikaganda upya, nikaamka meno yanapigana. Doreen alinicheka mpaka akakohoa. Akaniambia nisitazame ziwa, ziwa ndilo la mwisho kusema kweli, nitazame ncha za matawi. Nikawa natazama. Kuna miti pale ukingoni, matawi yake yanainama mpaka chini, ilikuwa rangi ya fagio la zamani. Siku hadi siku nikaona inageuka manjano kidogo, na hakuna hata jani. Ni ile rangi tu inapanda ndani ya ngozi ya mti. Kisha barafu ikaanza kupiga kelele. Wallahi, inalia. Mchana umekaa kimya unasikia mlio mrefu unapita chini kama mtu anavuta kabati sakafuni. Ikapasuka katikati kwanza. Mabata wakagombania ile nafasi ya maji, kila mmoja anataka, utadhani foleni ya mchele. Ikarudi ikafunga. Ikafunguka tena. Nilikuwa nimekwishaanza kulisemesha lile ziwa. Nalihimiza, haya bwana, kawia ufike.

Na humo katika kutazama, mawazo yakawa yanakuja kwako. Nilikuwa namlilia Salim, halafu katikati ya kumlilia namkumbuka Shemeji Seif.

Usiiweke barua chini, Dada. Najua hutaki nimtaje hivi. Lakini mie nilikuwapo. Nilikuwapo mwaka ule wa mapinduzi, asubuhi ile wale watu walipokuja na gari wakamwambia Seif anaitwa mara moja tu, kuna maneno ya kuulizwa, mchana atakuwa amesharudi. Alikuwa ameshika kikombe. Alikuambia mfunikie chai isipoe. Hakurudi mchana, wala jioni, wala mwaka ule. Hatukupewa maiti, hatukupewa neno, na tulipokwenda kuuliza tuliambiwa tusiulize. Hukulia, kwa sababu kilio ni cha aliyekufa, na nani aliyekwambia amekufa? Sie tulipoondoka, mie na Salim, ulikataa kufuatana nasi kwa sababu akirudi akute nyumba ina mtu. Miaka ishirini na ushee, Dada. Kila Idi unafua kanzu zake na kuzipiga pasi. Chumba kikubwa kimepangwa kwa ajili yake, weye mwenyewe unalala ukumbini. Ami Hamadi alipokuja kukunong'oneza habari za kadhi, ulimtoa na ufagio, na mji mzima ukajua hilo ni neno lisilosemwa nyumbani kwako. Hata mjane hujawahi kukubali kuitwa. Weye ni mke wa Seif, kwisha.

Nilifikiri hayo yote na sikujua la kuyafanyia. Nikawa nikiyasukuma mbali nayo yanarudi.

Basi mwezi wa Machi ukaingia. Nikahesabu kwenye kalenda ya ukutani, ile wanayotoa bure dukani kwa muuza nyama, nikaona siku imefika, nikamwita Bi Fatma wa Walthamstow. Huyu sijapata kukuhadithia vizuri. Ni mtu wa Mombasa, mtu mzima, mjane wa zamani, amekwishawatoa eda wanawake wengi wa huku wasiokuwa na mama wala dada karibu. Alikatiza London nzima kwa treni na mabasi mawili, na kikapu chake, ndani yake udi, chetezo, liwa, na leso mpya, sie tungesema kanga. Kabla hajavua koti akaniuliza nimehesabu vipi. Nikamwonyesha kalenda.

Akanitazama kama mtoto aliyekosea Alhamdu. "Mwanangu, eda huhesabiwa kwa mwezi wa juu, si kwa mwezi wa mshahara," akaniambia. "Wewe ushatoka tangu juzi."

Dada, weye fikiria. Mie, binti wa mwalimu wa chuo cha Qurani, niliyekuwa nikiwacheka wenzangu wakikosea kuhesabu Ramadhani, nimehesabu eda ya mume wangu kwa kalenda ya Kizungu. Lakini mwezi wenyewe ningeuona wapi? Mbingu ya huku majira ya baridi ni blanketi, haina mwezi wala nyota. Eda yangu ilikwisha siku mbili tatu nyuma, na mie nimekaa dirishani, nyeupe, sina manukato, nangoja. Tulicheka mpaka Bi Fatma akatafuta kiti. Hata Doreen, aliyekuwa amepanda kama kawaida yake, alipotafsiriwa maneno akacheka.

Lakini Bi Fatma alipokuwa ananiogesha, ananisugua mgongo kwa liwa kama mama yetu alivyokuwa akitusugua, kicheko kikanikauka. Nilikuwa huru na sikujua. Nilikuwa nimekaa kwenye eda iliyokwisha kwa sababu tu hakuna aliyekuja kuniambia imekwisha. Na lile neno nililolibeba tangu siku ya keki likajifungua lenyewe. Mie nilikuwa na uhakika watakuja kunitoa. Weye hakuna atakayekuja kukutoa, kwa sababu hakuna aliyekuingiza. Uko ndani tangu asubuhi ile ya chai, na eda yako haina mwisho kwa kuwa haina mwanzo.

Wakanivisha, wakanifukiza udi, Doreen naye kashika chetezo kwa mikono miwili kama yai, tukashuka. Nilikuwa sijakanyaga ardhi tangu miti ilipokuwa na majani. Ziwa lilikuwa maji matupu, jeusi, upepo unalikunja, na ukingoni maua yao ya manjano yameshatoa vichwa lakini bado yamefumba. Tukalizunguka polepole. Kule nyuma, pale ambapo jengo linaning'inia juu ya maji na jua haliingii mchana kutwa, barafu ilikuwapo bado. Ya kijivu, imeshikamana na ukuta. Bi Fatma akaigonga kwa mwavuli wake, ngumu kama jiwe. Nikasimama pale nikalia. Wenzangu wakadhani namlilia Salim, wakanishika huku na huku. Salim nilikwishamlilia, na nikamaliza. Nilikuwa nakulilia weye.

Tukakaa kwenye benchi, nikamwuliza Bi Fatma bila ya kuzungusha. Baba yake alikuwa mtu wa elimu, na yeye mwenyewe hukumu za wanawake anazijua. Akaniambia mume akipotea na habari zake zikakatika, mke huenda kwa kadhi. Kadhi huuliza, husikiliza mashahidi, akitosheka hukata hukumu kuwa huyo ni marehemu, na tangu siku hiyo mke hukaa eda kama mjane yeyote. Hakuna aibu ndani yake, akasema. Akaongeza kwamba katika wanawake wote aliowaona, walioumia kupita kiasi si wale waliofiwa, ni wale ambao hawakuambiwa.

Basi jibu langu ni hili, Dada. Nakuja. Nasra ameshaanza kunitafutia tiketi, na kama unataka kujua alinuna, alinuna, alitaka nihamie Hounslow nimlelee watoto atakaowazaa Mungu akipenda. Nikamweleza ninachokwenda kufanya. Kisha akaniuliza kama huko dawa zangu za sukari zinapatikana, na kwa mtoto huyu hiyo ndiyo ruhusa.

Nakuja, lakini siji kukaa chumba kidogo cha uani nikusaidie kungoja. Hilo siliwezi, nimelijaribu siku chache tu na limenitosha. Nakuja tufuatane kwa kadhi, mie nikiwa shahidi, maana nilikuwapo na nilisikia kwa masikio yangu walivyomwambia. Kisha nitakuvisha nyeupe mie mwenyewe. Tutalala sote chumba kikubwa. Nitapika, nitasoma, nitaleta umbea wa mtaa mzima, na ukitaka kulia miaka yote hiyo utailia, mie nipo. Na siku yake ikifika nitakuogesha na nitakutoa. Tutahesabu kwa mwezi wa juu, usiwe na wasiwasi. Baada ya hapo nikibaki au nikirudi huku, sitaki kukudanganya, kaburi la Salim liko huku na mwanangu yuko huku. Hayo tutayaamua tukiwa wanawake wawili waliomaliza.

Najua unachokiogopa. Unaogopa kwamba ukikaa eda utakuwa umemuua Seif weye kwa ulimi wako. Kwamba amekaa hai miaka yote hii kwa sababu weye hukusema. Dada yangu, hukumweka hai weye, wala hutamuua weye. Waliomchukua wanajua walichokifanya, na Mungu anawajua wao. Weye ulichofanya ni kumpenda, na mapenzi hayo eda haiyafuti. Mie nimetoka eda na Salim bado nambishia kila siku.

Ukikasirika, kasirika. Ukitaka kunitoa na ufagio, nitakaa mlangoni na masanduku yangu mpaka mkono ukuchoke. Lakini nijibu. Sema njoo, au sema usije. Nikiona neno njoo nitajua umekubali yote mawili, kuja kwangu na kwenda kwa kadhi.

Nisalimie jirani yetu Bi Mgeni, mwambie kikoi alichoniletea nimekipata. Nisalimie Ami Hamadi, kama bado anaogopa kupita nyumbani mwambie mie nakuja kumlinda. Wasalimie watoto wa binamu yetu Khelefu, wote, na umbusu yule mdogo aliyepewa jina langu. Nasra anakuamkia shikamoo, hilo analisema mwenyewe kwa Kiswahili. Doreen naye amesema nikupe salamu, ingawa hakujui, ameuliza tu kama huko kwetu kuna mabata.

Na mahali hapa, Dada, kwenye kila barua niliyokuandikia tangu niondoke Unguja, palikuwa pa Shemeji Seif. Niliandika: akitokea, mpe salamu zangu. Sikuacha hata mara moja. Leo simpi salamu. Leo namwombea. Mungu amrehemu Seif, amsamehe, na popote walipomlaza apafanye pawe pema.

Ukiweza, sema amin. Ukiweza, iseme kwa sauti.

Mdogo wako,
Zuwena